Likizo Bila Malipo Si Kujiuzulu, Mwalimu

SWALI: Wakili, hujambo. Nina umri wa miaka 41 na nimefundisha shule za msingi za serikali kwa miaka 16 hapa Kakamega. Wazee wa wadi yetu wameniomba niwanie kiti cha mwakilishi wadi mwaka wa 2027. Kuna bwana mmoja anayezijua siasa za kaunti aliyenishauri nichukue likizo bila malipo hadi mchujo wa chama uishe. Nikipita, atanitengenezea barua ya kujiuzulu yenye tarehe ya Februari na muhuri wake. Nikiangushwa, nitarudi darasani kama kawaida. Anataka shilingi 30,000. Njia hii ni salama?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Na tafadhali usimtumie huyo bwana hata shilingi moja.

Swali hili nimeulizwa kila msimu wa uchaguzi tangu kaunti zianze, na karibu kila mara kuna bwana wa aina hiyo nyuma ya anayeuliza. Kinachoniuma ni kwamba wanaodanganywa ni watu makini, waliosoma, ambao wangemrudisha mwanafunzi mara moja angeleta jibu lisilo na hesabu yake.

Basi tufanye hesabu. Kifungu cha 43(5) cha Sheria ya Uchaguzi ya 2011 kinamtaka mtumishi wa umma anayekusudia kuwania kiti ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya kura. Uchaguzi mkuu huwa Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Rudi nyuma miezi 6, unafika tarehe 10 Februari. Mwaka wa 2022 kura ilikuwa tarehe 9 Agosti, na IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ikatangaza tarehe 9 Februari kuwa siku ya mwisho ya kujiuzulu. Vyama vikubwa vilifanya mchujo wao mwezi wa Aprili. Unaona tatizo? Mchujo unakuja baada ya mlango kufungwa. Hakuna ratiba ambayo mwalimu aliyeajiriwa na TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu, anaweza kusubiri mchujo kwanza ndipo ajiuzulu kihalali.

Sasa hiyo likizo. Neno la sheria ni kujiuzulu. Likizo ni ruhusa ambayo mwajiri anampa mtu ambaye bado ni wake. Mshahara unaweza kusimama, lakini ajira haijasimama, na nafasi yako bado inakungoja. Katiba yenyewe, Kifungu cha 193, inasema afisa wa umma hastahili kuchaguliwa kuwa mwakilishi wadi. Haisemi afisa wa umma anayelipwa mwezi huu. Nimewasikia watu wakibishana kwamba bila mshahara hakuna utumishi. Waache wabishane. Jina lisiwe lako tu siku mpinzani atakapoupeleka ubishi huo mbele ya kamati ya IEBC ya kusuluhisha mizozo.

Barua ya tarehe ya nyuma ni jambo baya zaidi, kwa sababu hapo tunatoka kwenye kosa la utaratibu na kuingia kwenye kughushi hati, ambako ni jinai. Na haifichiki. Mwalimu anaacha alama kila mahali: hati ya malipo ya Machi, daftari la mahudhurio, tathmini ya utendaji wa walimu (TPAD) uliyoijaza mwenyewe muhula ule. Mpinzani wako hahitaji mpelelezi. Anahitaji mwalimu mmoja tu wa shule yako asiyekupenda. Hata ukishinda hujapona, kwa maana kesi ya kupinga ushindi wa mwakilishi wadi inaweza kuwasilishwa kwa hakimu ndani ya siku 28 baada ya IEBC kutangaza matokeo. Bwana wako wa muhuri hatakuwepo mahakamani siku hiyo. Utakuwepo wewe na sahihi yako.

Kuhusu kurudi darasani kama kawaida: ukijiuzulu, TSC haina wajibu wa kukuwekea nafasi. Utaomba kazi upya, ukipanga foleni na vijana waliohitimu. Hutapoteza usajili wako wa ualimu kwa kujiuzulu, kwa hiyo shule ya binafsi inaweza kukuajiri, lakini ile miaka 16 hairudi na cheo chake. Lipime jambo hili sasa, ukiwa bado umetulia, kabla hujavalishwa shada la maua.

Kuna mambo mawili hukuniuliza. La kwanza ni mkopo. Walimu wengi ninaokutana nao wana mkopo wa SACCO unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Mshahara ukisimama Februari, makato yanasimama, na SACCO inawageukia wadhamini, ambao ni walimu wenzako wa chumba kimoja cha walimu. Niliwahi kumtetea mwalimu mmoja aliyeshindwa kwenye uchaguzi, na kilichomvunja moyo hakikuwa kura. Ni kwamba wadhamini wake wanne walikuwa wakilipa deni la kampeni yake, na wawili kati yao hawakumpigia hata simu ya pole. Nenda SACCO yako mapema, mkae mkubaliane jinsi utakavyolipa, na uwaambie wadhamini wako mwenyewe. Ulizia pia pensheni kwa maandishi. Aliyefika miaka 50 anaweza kuomba kustaafu mapema badala ya kujiuzulu, na tofauti ya mafao ni kubwa. Wewe una 41, mlango huo haujakufungukia.

La pili ni kampeni unayoifanya tayari. Ikiwa wazee wamekuomba, nina hakika kuna bango lenye picha yako kwenye kundi la WhatsApp la wadi. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Vyama vya Siasa kinamkataza mtumishi wa umma kushika wadhifa katika chama, kuonyesha hadharani kwamba anaunga mkono chama au mgombea, au kufanya siasa inayotia shaka kutoegemea kwake upande wowote. Ungali kazini, bango hilo linaweza kukupeleka kwenye kikao cha nidhamu. Mwambie aliyelitengeneza aliondoe leo.

Watu hupenda kunitajia Moi, aliyetoka darasani akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1955, au Nyerere, aliyeiacha kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu mwaka huohuo. Wataje, lakini wataje vizuri. Nyerere alitakiwa achague kati ya kufundisha na siasa, akachagua, akaondoka. Hakuomba likizo.

Na hili nawaambia walimu wote wanaosoma, wa sekondari na wa msingi, hata walio kwenye mafunzo ya kazi wanaolipwa posho na TSC na kudhani wao si watumishi. Usiitegemee posho ndogo kukutoa kwenye sheria; jiuzulu kama wengine. Anayeajiriwa na mwenye shule ya binafsi hahusiki na kifungu hiki. Uchaguzi mdogo una muda wake: mtumishi wa umma hujiuzulu ndani ya siku 7 baada ya kiti kutangazwa kuwa wazi, na siku 7 huisha haraka kuliko unavyodhani. Atakayekuuzia njia ya mkato akuonyeshe kifungu cha sheria kinachoiruhusu. Atakuonyesha picha akiwa na gavana.

Kwa upande wako, Mwalimu: soma masharti ya notisi kwenye ajira yako, andika barua kabla shule hazijafunguliwa Januari 2027, na uipeleke TSC yenyewe. Usimwachie mwalimu mkuu akupelekee. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Angalia pia jina lako kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, maana wengi hujikuta wameandikishwa katika chama wasichokijua, na ukiamua kuwa mgombea huru unatakiwa uwe nje ya chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya kura, pamoja na wapiga kura 500 wa wadi wa kukuunga mkono. TSC ikikujibu kwamba imekubali kujiuzulu kwako, niletee barua hiyo tuanze fomu za uteuzi.