Kutega ukungu mweupe kwa ajili ya mboji

Rundo la mboji likigoma kuiva, tazama kilichobaki. Maganda ya ndizi na mabaki ya mchicha yalishaisha. Kilichogoma ni mabua ya mahindi, majani ya mwembe, vijiti na maganda ya karanga. Vitu hivyo vimekazwa na lignini, dutu inayoupa mti ugumu, na wanaoiweza hasa ni kuvu, yaani ukungu, ambazo nyuzi zake nyeupe hupenya ndani ya bua na kulilainisha. Kuvu hizi hazinunuliwi. Zimejaa chini ya mti wa zamani ambao majani yake hayafagiliwi, na chini ya mianzi ndiko zilikonona zaidi.

Mtego wake ni wali, njia iliyoenezwa na Cho Han-kyu, mwalimu wa kilimo asilia wa Korea Kusini. Pika nusu kilo ya mchele kwa maji pungufu, bila chumvi, mafuta wala nazi. Punje ziachane na zibaki ngumu kidogo. Wali ukiwa bokoboko hewa haipiti, bakteria wa uozo wanawahi na mtego unanuka. Uache upoe kabisa, kwa sababu mvuke wake ukigeuka maji juu ya wali huharibu vilevile. Utie kwenye kikapu cha ukindu au kisanduku cha mbao, kina cha sentimita 5 hadi 7, ubakize theluthi moja ya chombo iwe tupu. Funika kwa karatasi, funga kamba. Fukua majani chini ya mti, kalisha kikapu juu ya udongo, kirudishie majani. Juu weka wavu wa kuku kuzuia panya na kipande cha bati kuzuia mvua. Sisimizi wakisumbua, zungushia jivu.

Pwani, fungua siku ya tatu. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru subiri siku 5 hadi 7. Unachotaka ni manyoya meupe kama pamba, yenye harufu ya uyoga au ya udongo baada ya mvua. Madoadoa machache ya kijani yatoe kwa kijiko. Wali uliotawaliwa na weusi, au na rangi ya chungwa, ufukie mbali na uanze upya. Usijaribu kuuokoa.

Wali mzuri upime, uchanganye na sukari guru ya uzito uleule, ukande mpaka ulainike. Sukari hunyonya maji na kuzilaza kuvu bila kuziua. Jaza chungu hadi theluthi mbili, funika kwa karatasi, weka kivulini siku 7. Baada ya hapo mbegu yako inakaa miezi kadhaa mahali pa ubaridi.

Kuikuza, koroga kijiko kimoja cha chai katika kila lita 5 za maji. Ya bomba yalaze kwanza kwenye ndoo wazi usiku mzima, klorini itoke. Chukua kilo 8 za pumba za mahindi na kilo 2 za majani makavu yaliyokatwakatwa. Pumba peke yake hushikamana na kuchachuka. Mwagia maji hayo kidogo kidogo, lita 10 hadi 12 kwa jumla. Fumbata konzi moja: ishike donge, itoe tone moja au mawili, na ukiigusa kwa kidole imeguke. Maji yakitiririka, ongeza majani makavu. Rundika juu ya udongo, si sakafu ya saruji, kimo cha sentimita 30, funika kwa gunia. Kila siku chomeka mkono katikati. Usipoweza kuuacha humo, pamepita nyuzijoto 50, geuza mara moja. Kwa siku 7 hivi litakuwa limevikwa ukoko mweupe.

Kosa kubwa kuliko yote linakuja sasa: kuumwaga ukungu kwenye rundo la mboji linalochemka. Rundo la mita moja ya ujazo hufika nyuzi 60, na joto hilo huua sehemu kubwa ya ulichokuza kwa wiki nzima. Subiri katikati pashuke chini ya nyuzi 40, kwa kawaida baada ya kugeuza mara mbili au tatu, kisha changanya ndoo moja ya lita 10. Pipa dogo la jikoni halichemki sana, hivyo tia konzi mbili kila tabaka la sentimita 10. Ukishatia, acha kugeuzageuza, maana koleo hukata nyuzi. Shughulika na unyevu tu.

Jivu lisiingie ndani ya rundo, kuvu hupenda uchachu kidogo. Wala usitie mashina ya nyanya yaliyopuliziwa dawa ya ukungu. Dawa haichagui ukungu. Pia usidhani hizi ni sawa na kuvu za mizizi zinazouzwa madukani: zile zinahitaji mzizi hai, kwenye mboji hazina kazi.

Wakati wa kugeuza, lowesha kwanza na uvae barakoa, kwani vumbi la ukungu huumiza mapafu. Mwenye pumu au kinga dhaifu amwachie mwingine.

Mboji imeiva bua linapokatika kwa vidole bila kulia. Kabla ya kuitandaza bustanini, chambua vipande ambavyo bado vina nyuzi nyeupe, uvitie kwenye rundo linalofuata likishapoa.