Baba mpenda michezo, mabinti wadogo, mko ugenini: siku yake ifanyeni hivi

Dada uliyeuliza namna ya kumfurahisha mumeo Siku ya Baba, yule anayegaragara sakafuni na mabinti wa miaka 3 na 6 huko ughaibuni, bila kumnunulia shati jingine: mpe mchezo. Zawadi za dukani humpongeza baba kwa kuwa baba. Huyu wako mpongezeni kwa kile anachokifanya kila jioni akirudi kazini.

Kwanza angalia kalenda ya nchi mliyopo. Marekani, Uingereza, Kanada na Ufaransa, Siku ya Baba ni Jumapili ya tatu ya Juni. Italia na Hispania ni Machi 19, Ujerumani ni Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana, Australia Jumapili ya kwanza ya Septemba, Uswidi na Norwe Jumapili ya pili ya Novemba. Usidharau jambo hili. Mtoto akitengeneza kadi chekechea, ataileta kwa tarehe ya nchi hiyo, na kama nyinyi mlishasherehekea miezi mitano nyuma, kadi itapokelewa juu juu na mtoto atanuna.

Sasa vikadi. Kata karatasi ngumu vipande 8 vya ukubwa wa karata, kila binti achore vinne, kila kikadi mchezo mmoja ambao baba huucheza nao kweli: farasi, kujificha, baba amelala apambwe nywele. Wewe andika kipimo chini ya mchoro: “farasi, mizunguko 3”, “kujificha, raundi 2”. Bila kipimo, farasi haishi mpaka mtu alie, na mara nyingi ni farasi mwenyewe. Weka vya kila mtoto kwenye bahasha yake. Vikichanganywa, wa miaka 6 ataendesha shughuli yote na mdogo atabaki mtazamaji. Baba ndiye anayechomoa, zamu kwa zamu, na mabinti wanatii. Ukiwaachia wao wachomoe, umempa baba kazi ya ziada siku yake mwenyewe.

Lugha nayo iingie hapo. Hesabu ya kujificha, amri za farasi, vitisho vya zimwi, vyote viwe kwa lugha ya nyumbani. Mtoto anayejibu kwa lugha ya shule akiulizwa kuhusu kazi ya shule huenda akapiga kelele kwa lugha ya babake akikimbizwa, kwa sababu mchezo haumpi nafasi ya kuchagua. Msimsahihishe katikati ya mbio.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo akina baba wachangamfu huyasahau. Usikubali mtoto wa chini ya miaka 5 abembezwe kwa kushikwa viganja au avutwe kwa mkono mmoja. Kifupa cha kiwiko huchomoka kidogo kwenye kano yake, mtoto anauning’iniza mkono na hataki uguswe, mara nyingi bila uvimbe wowote. Hapo ni hospitali, msijaribu kuuvuta wenyewe. Ashikwe chini ya kwapa au kiunoni. La pili ni kutekenya: wekeni neno la kusimamisha, na “basi” latosha. Likitamkwa mikono inatoka papo hapo, hata kama mtoto bado anacheka, kwa kuwa mwili huendelea kucheka hata usipofurahia.

Mkikaa ghorofani, farasi aende juu ya godoro au zulia nene, na michezo ya vishindo iishe kama saa nzima kabla ya kulala. Jirani wa chini atashukuru, na watoto watalala bila vita.

Kumbukumbu ya kubaki nayo: alama za viganja vitatu kwenye donge la unga na chumvi, kimoja ndani ya kingine. Unga wa ngano vikombe 2 (usiwe ule uliochanganywa hamira), chumvi laini kikombe 1, maji robo tatu ya kikombe kwanza, mengine ongeza kijiko kijiko mpaka donge liache kushika vidole. Kanda dakika 5 au zaidi, sukuma kwa unene wa sentimita 1. Kiganja cha baba kinatangulia, akikandamiza kwa uzito wake. Ndani yake cha mkubwa, ndani ya hicho cha mdogo. Paka viganja unga mkavu ili visinate. Wa miaka 3 hukunja vidole, hivyo bonyeza kimoja kimoja kwa kidole chako. Kikiharibika kanda upya, hakuna hasara. Oka kwa nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi, saa 2 hadi 3, ukigeuza katikati. Moto ukizidi donge hutoa malengelenge. Maji yakizidi hupasuka. Na asile mtu: chumvi hiyo ni hatari kwa mtoto, na kwa mbwa pia. Msimfiche baba, maana kukanda unga naye ndiyo nusu ya sherehe.

Mwisho, mahojiano. Kila binti peke yake, uso ukielekea dirisha, simu imeegemezwa isishikwe, dakika 2 tu. Maswali ni yale yale kila mwaka: Baba ana urefu gani? Anaogopa nini? Anachekesha akifanya nini? Tusipokuwepo anafanya nini? Mdogo akisema baba ana urefu wa friji, acha hivyo hivyo, na dada mtu asiwe chumbani, la sivyo majibu yote yatakuwa yake. Jina la faili lianze na mwaka, kisha umri wa mtoto, na nakala moja iende kwa bibi na babu siku hiyo hiyo, kabla haijapotea kwenye simu pamoja na picha elfu nyingine.