Ukipiga muziki wa ajabu peke yako Iringa, waache watu wauone mkono

Mara ya kwanza kupiga muziki wangu mbele ya watu niliondolewa jukwaani kwa adabu kabisa. Ilikuwa baa moja ya Miyomboni, Ijumaa usiku, mwezi wa sita, baridi ile ya Iringa inayofanya kila meza iagize bia ya moto. Nilikuwa na laptop, miksa ndogo, na sauti nilizozirekodi wiki mbili mfululizo: mashine ya kusaga ya Mlandege, mvua kwenye bati, wapiga debe wa Ipogoro wakigombea abiria. Nikakaa nyuma ya meza, nikainamia kioo, nikaanza. Dakika ya saba dada mwenye baa akaja akaninong'oneza: "Mdogo wangu, samahani, hivi vyombo vimeharibika? Wateja wanauliza kama fundi yuko njiani."

Nilizima, DJ akarudi, watu wakapiga makofi. Walimpigia DJ.

Kwa mwezi mzima niliwaambia rafiki zangu kwamba mji huu haujui muziki. Leo naona aibu kulisema hilo, ila nimekutana na vijana watatu au wanne, wengine wa hapa, mmoja wa Mbeya, wanaopiga vitu vyao vya ajabu peke yao na wanasema maneno yaleyale. Ndiyo maana naandika.

Kwanza, watu wa huku hawaogopi sauti ngeni. Mji wenyewe unatazamwa kutoka juu na jiwe la Gangilonga, na jina hilo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea. Wazee wetu walikuwa na ligombo, ubao uliochongwa katikati kama hori, waya mmoja unapitishwa kwenda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi kadhaa, na kibuyu cha kukuza sauti kimefungwa mwishoni. Mtu mmoja alikaa nalo akapiga na kuimba mwenyewe. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika na mashine yake ya kurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1950 alilikuta likilia, akalirekodi, na maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, ipo hadi leo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kwa hiyo mtu mmoja, chombo kimoja, sauti inayojizungusha mahali pamoja muda mrefu bila kiitikio, si jambo nililolileta mimi kutoka YouTube. Nimelikuta.

Kilichowakera wale wateja ni kwamba hawakuona sauti inatoka wapi. Kijana kainamia kioo, mkono haupandi wala haushuki, mara ngurumo, mara mluzi. Hata mimi ningeulizia fundi.

Nikaacha laptop nyumbani. Nikatafuta ligombo, nikalipata kwa mzee mmoja upande wa Kalenga ambaye kwanza alitaka kujua nitalitundika ukutani au nitalipiga. Nikaongeza maiki ya mdomo na pedali ya lupu, ile ya kukanyaga, inayorekodi ulichopiga na kukirudia mpaka uikanyage tena. Halafu sikurudi Miyomboni. Nilikwenda kilabuni.

Ilikuwa Machi, ulanzi, ile pombe ya mianzi, umejaa. Wazee wanaokunywa mkangafu, ule uliochacha na mkali, walikuwa upande wao, akina mama na mtogwa wao, ule mtamu, upande mwingine, kuku wakipita katikati. Nikaamkia, "Kamwene," nikapewa benchi. Nikapiga mstari mmoja mfupi, nikakanyaga pedali, nikainua mikono yote miwili juu. Ligombo likaendelea kulia.

Kimya. Mama mmoja akauliza, "Na huyo mwingine yuko wapi?" Mzee aliyekuwa karibu nami akachungulia chini ya benchi, kweli kabisa, hakufanya mzaha. Nikamwonyesha pedali. Akaitazama kama mtu anayekagua kwato za ng'ombe wa kununua, akasema: "Mjukuu, basi mwambie anyamaze kwanza, tumsikie huyu uliye naye mkononi."

Nikanyamazisha. Nikapiga tena polepole, nikaongeza tabaka moja, nikasubiri, nikaongeza lingine. Yule mzee akaanza kuimba kwenye maiki yangu bila kuombwa, na katikati ya kuimba akakohoa. Pedali ilikuwa inarekodi. Kikohozi kikaingia, kikawa kinarudi kila baada ya sekunde nane au tisa, kikavu, cha mtu mzima. Kilabu kizima kilikufa kwa kicheko. Lakini niliendelea, na baada ya dakika chache kicheko kikaisha, watu wakawa wanakisubiri kikohozi na kukipokea kwa kofi moja, wote kwa pamoja. Sijawahi kupanga kitu kizuri namna ile.

Tangu siku hiyo sheria yangu ni kwamba kila sauti inayotoka kwenye spika, watu wawe wameiona ikizaliwa. Ukitaka kutumia mashine ya kusaga, njoo na kinu kidogo utwange mbele yao, ndipo urudie. Ukishajenga imani hiyo, mbele ya safari unaweza kuwapeleka mbali sana, hata kwenye ngurumo tupu, na watakufuata.

Vifaa. Hapa nitakaa kidogo, maana nimepoteza hela nyingi kwa kutokujua. Ligombo, zeze au marimba ukiliwekea maiki ya kawaida kwenye baa utakuza na mlio wa chupa. Tafuta kile kisahani chembamba cha shaba chenye doa jeupe katikati, kinachokuwa ndani ya vifaa vidogo vinavyolia, kama saa za mezani za kengele. Mafundi redio wa sokoni wanavyo kwenye makopo yao ya vyuma chakavu. Kiunganishe na waya wa jeki, kibandike kwa gundi ya karatasi kwenye mbao, karibu na pale kibuyu kilipofungwa. Chenyewe husikia mtikisiko wa mbao, kelele za watu hakina habari nazo. Ila usikichomeke moja kwa moja kwenye tundu la maiki la miksa, kitalia kama kopo tupu: kina ukinzani mkubwa na tundu lile halikutengenezewa kitu cha namna hiyo. Pitia kwanza tundu la gitaa, au kikuza sauti kidogo cha gitaa, utasikia besi ya kibuyu ikirudi.

Pedali nyingi za gitaa zinataka volti 9, na hasi yake iko katikati ya pini. Adapta nyingi za mtaani zina chanya katikati. Pini inaingia vizuri, hakuna kinachokuonya, halafu unasikia harufu. Pedali yangu ya kwanza ilikufa hivyo, nusu saa kabla ya kupanda, na niliyemlaumu siku ile ni muuza adapta asiye na kosa lolote.

Spika iwe mbele yako, imeelekea watu. Ukiiweka nyuma, kibuyu kitaipokea sauti yake kisha kuirudisha, na mluzi utakaotoka utawatoa watu nje. Mimi sasa natembea na spika yangu ya kuchaji, kwa sababu umeme ukikatika mwenye baa anawasha jenereta kwa ajili ya friji, si kwa ajili yako. Mara moja ulikatika Kihesa nikiwa katikati, hata spika haikuwa na chaji. Nikabaki na ligombo tupu gizani. Watu wakasogea na viti vyao. Ningeweza kulipia usiku kama ule.

Muda: dakika kumi na tano, ishirini zikizidi sana. Najua wewe una saa nzima. Baki nayo. Anayepiga peke yake hana mwenzake wa kumpumzisha msikilizaji. Kwenye bendi, mpiga gitaa akichosha, mwimbaji anaokoa. Ukimaliza watu wakisema "ongeza" ni heri kuliko mwenye baa kuangalia saa yake.

Na tafadhali, neno "majaribio" usiliweke kwenye tangazo. Nililiweka. Mshereheshaji akasoma kwenye kipaza, "Sasa tunakuja na muziki wa majaribio," watu wakaendelea na maongezi yao wakidhani tunapima maiki. Nilimaliza kipande chote, mmoja akauliza, "Sasa mnaanza saa ngapi?" Siku hizi naandika jina langu na "ligombo", basi.

Kuhusu vibali sina mengi: jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, pita kwa afisa utamaduni wa halmashauri kabla ya kuuza tiketi, na kazi ulizorekodi zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukiongea na mwenye baa mkumbushe pia kwamba wewe mmoja na kibuyu hutamletea matatizo ya kelele na majirani. Kuna kanuni za kelele za mazingira tangu 2015, na wenye baa wanazijua kuliko sisi. Mimi hoja hiyo imenifungulia milango miwili.

Pesa ni ndogo, nisikudanganye. Mara nyingi ni chakula, nauli, na kutunzwa. Kutunzwa kwenyewe kuna raha yake kwenye chombo cha nyuzi: mtu anakuja akicheza, mikono yako imeshikwa, paji la uso umeliinamisha, basi anachomeka noti ya elfu mbili katikati ya nyuzi. Sauti inabadilika palepale, inapata mkwaruzo kama nyuki kwenye kopo. Wapigaji wengi huitoa haraka. Iache. Noti mpya inakwaruza kwa ukali, noti chakavu inazima uzi kama kidole. Kuna siku nilikuwa na noti tatu kwenye nyuzi na nilipiga dakika tano nzima kwa ajili ya noti hizo tu, na waliotunza wakawa wanasikiliza hela yao.

Kuna watakaokuambia nenda Dar, huko ndiko wanakoelewa. Sina ugomvi na Dar. Lakini kumbuka singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar: watu wangapi waliiita kelele za wahuni, mpaka lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko kutoka studio ya Sisso ya Mburahati mwaka 2017, na Ulaya ikaanza kuwaita vijana walewale kwenye matamasha? Nao hawakuhama Mburahati ili waeleweke. Walipigia vigodoro vya mtaani kwao.

Mimi bado naenda kilabuni kila msimu wa ulanzi. Yule mzee kila nikifika ananiuliza kama kikohozi chake kingali ndani ya mashine. Nilikifuta usiku uleule, kwa kukanyaga vibaya nikifunga vyombo. Namwambia kimo.