Mkuu, hizo feni usiziweke koridoni

Mkuu nakuomba usiziweke huko. Nimekusoma, umenunua feni mbili Dar (feni ya majani wakuu, yaani ua la fern, sio pangaboi), zile za majani marefu yanayoning'inia, umeambiwa zinapenda giza na majimaji, sasa unataka kuziweka koridoni hapo Dodoma uwe unamwagilia kila siku, halafu unauliza mbolea na saizi ya chungu. Mbolea baadaye. Kwanza hiyo korido.

Mimi 2021 niliambiwa maneno hayo hayo na muuza miche wa Dar, tena kwa kujiamini kabisa, "boss hii haitaki jua, weka kona yoyote ya giza we mwagia tu". Nikachukua sita, elfu 15 kila moja, nikazibeba mpaka Dodoma kama nimebeba trei za mayai. Korido yangu ina dirisha moja, tena kioo cheusi cha aluminiamu. Wiki mbili poa. Wiki ya tatu zikaanza njano, ukipita nguo ikigusa tu vijani vinapukutika kama pumba, mke wangu anafagia asubuhi na jioni. Nikajua kiu, nikaongeza maji. Zikazidi. Nampigia yule jamaa ananiambia ongeza, Dodoma pakavu. Mwezi wa pili nang'oa moja kwenye chungu, mizizi imekuwa myeusi, laini, inanuka mtaro. Kumbe zinaoza chini huku juu zinaonekana zina kiu, maana mzizi uliooza haunyonyi maji hata uuweke mtoni. Zikafa zote sita, na moja nilikuwa nimemnunulia mama. Elfu tisini. Mtu anauza mimea kila siku anashindwaje kusema ukweli huu mdogo?

Ukweli wenyewe: KIVULI SIO GIZA. Nenda misitu ya Usambara uone feni zinavyokaa, chini ya miti mikubwa ndiyo, lakini mwanga umejaa, unachujwa tu na majani. Ukiiweka gizani inashindwa kutengeneza chakula, haikui, maji haitumii, udongo unabaki umelowa siku zote, mizizi inakosa hewa. Sasa pima hivi, saa 6 mchana weka mkono juu ya ua. Kivuli cha mkono kikionekana hafifu, kingo zimefifia, hapo ndipo pake. Usipoona kivuli kabisa, hapo ni kaburi. Kikiwa kikali cheusi, jua la Dodoma litaibabua majani siku hiyo hiyo. Baraza la upande wa mashariki ni zuri, jua la asubuhi mpaka saa 3 haliidhuru.

Na unyevu, mkuu, unyevu wa hewa na maji ya kwenye chungu ni vitu viwili tofauti kabisa, hapa ndipo wengi tunapopigwa. Dar hewa yenyewe ina maji, mara nyingi inapita 70%, ndio maana kule feni zinanawiri hata kwa mtu mvivu. Hii ya kwako inataka kama 50% kwenda juu, na Dodoma kiangazi chenye upepo, hasa mchana, mara nyingi haufiki huko, kwa hiyo ncha zinakauka. Dawa sio kujaza chungu! Zikusanye na maua mengine zikae zimebanana, zipeleke bafuni kama kuna dirisha la kueleweka, zitoe kwenye upepo wa pangaboi na AC. Kupuliza maji kwa chupa ni dakika chache tu yanakauka. Maji mwagia ukitia kidole ukakuta udongo wa juu umeanza kukauka, na chungu kiwe na matundu.

Halafu ukiona vidoti vya kahawia vimejipanga chini ya jani usikimbilie dawa ya wadudu, hivyo ni vifuko vya spora, vumbi ambalo feni inazaliana nalo badala ya mbegu.

Nilizonazo sasa ziko barazani chini ya mwarobaini, nimefunga na neti ya kivuli, mwaka wa tatu huu na nimeshazigawanya kwenye vyungu vingine mara mbili. Toa zako huko leo, kesho saa 6 weka mkono, piga picha ulete hapa tuone hicho kivuli.