Jibu: Mtutu unaruka kushoto nikitumia bipodi
Mkuu, umesema risasi zinakaa pamoja ukiegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, ila kwenye bipodi (miguu miwili ya kuegemezea bunduki kwa mbele) zinatawanyika na mtutu unaruka kushoto. Kabla hujabadilisha bipodi, angalia umelalaje. Wengi wanaotumia mkono wa kulia hulala mshazari, kiwiliwili kikiwa upande wa kushoto wa bunduki. Bunduki ikipiga teke hukuta bega moja tu, kwa hiyo inapinda. Lala nyuma yake kabisa, mgongo ufuate mstari wa mtutu, kisha sukuma bega mbele kidogo mpaka miguu ya bipodi ikaze. Usitumie nguvu nyingi. Kinachotakiwa ni msukumo uleule kila risasi, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu.

Chini ya kitako weka mfuko mdogo wa mchanga. Mkono wa kushoto uuminye kushusha mtutu au uulegeze kuupandisha, usishike mtutu wenyewe. Halafu fumba macho, vuta pumzi mara mbili, fumbua. Alama ya darubini ikiwa imehama kwenye shabaha, sogeza mwili mzima, usiilazimishe kwa misuli.

Miguu ya bipodi iwe mifupi kadiri unavyoweza. Zege au meza ngumu huirusha bunduki, afadhali udongo au zulia. Ukishafyatua, usiachie kifyatulio haraka: kishikilie, tazama kwenye darubini. Shabaha ikibaki ndani ya darubini baada ya mlio, mkao wako uko sawa.