Nilichanja Janssen, mbona kipimo kinasema niliugua korona?

SWALI: Shikamoo dokta, mimi mama nakaa Ngamiani hapa Tanga, nauza samaki pale Deep Sea. Agosti 2021 nilichanja Janssen, ile dozi moja. Juzi nimepima damu kwenye maabara moja hapa mjini, kipimo cha antibodi, karatasi imeandikwa S ipo na N ipo, kijana wa pale akaniambia wewe ulishaugua korona. Sasa mama mkwe anasema si niliwaambia, sindano ndo imempa. Na mdogo wangu yuko Dar alichanja Sinopharm, majibu yake hivohivo. Kweli chanjo ilituambukiza? Nyumbani hakukaliki.

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Janssen haikukupa korona, haiwezi, maana ndani yake hakuna kirusi cha korona. Kilichomo ni kirusi kingine cha jamii ya mafua, kimefanywa kisiweze kuzaliana, kimebebeshwa maelekezo ya kutengeneza kitu kimoja tu, ile miba ya nje ya korona. Hiyo miba ndo S, na mwili ukiiona unatengeneza antibodi za S, yaani askari wa kinga wa kuitambua, basi, inaishia hapo. N ni protini ya ndani kabisa ya kirusi, inashikilia chembe zake za urithi, na Janssen haina, Pfizer haina, Moderna haina. Kwa hiyo mtu wa Janssen akikutwa na N ujue korona yenyewe ilishampitia, sokoni, kwenye daladala, msibani, kabla ya sindano au baada, kipimo hakisemi lini, na wengi iliwapitia wakadhani mafua. Kijana wa maabara kasema kweli ila kakuachia nusu ya maneno, na hiyo nusu ndo imeleta ugomvi. Mtu akipewa karatasi aelezwe jamani!

Mdogo wako ni habari nyingine. Sinopharm inatengenezwa kwa kirusi kizima cha korona kilichouawa, humo mna S na N zote, kwa hiyo mwili unaweza kutoa antibodi za zote mbili bila mtu kuugua hata siku moja, na kirusi kilichouawa hakiambukizi. Kwake yeye kipimo hiki hakiwezi kutenganisha chanjo na ugonjwa hata akirudia mara kumi, asipoteze hela. Ndo maana kabla ya kusoma majibu unaulizwa kwanza ulichanja nini, atembee na kadi yake.

Halafu antibodi za N huwa zinapungua mapema kuliko za S, kwa hiyo jirani aliyekosa N asiape kwamba hajawahi kuugua. Na kama leo una homa na kikohozi, hiki sio kipimo chake, nenda wakachukue sampuli puani.

Mama mkwe msomee haya taratibu akiwa ametulia, umwambie korona ilikuja kivyake, na hata usingechanja hiyo N wangeikuta vilevile.