Nguzo za kibaraza kupasuka: usimlaumu fundi bado

Pole dada, lakini usimgombeze fundi kwanza. Umesema nguzo za mkaratusi za kibaraza chako zilisimamishwa wakati wa masika, na sasa kiangazi zina nyufa ambazo sarafu inaingia. Hivyo ndivyo mti unavyokauka.

Mti mbichi umejaa maji. Jua likipiga, sehemu ya nje ya nguzo hukauka na kutaka kusinyaa, huku ndani bado kumelowa na kumegoma. Tena mti hausinyai sawasawa pande zote: kufuata mzunguko wake husinyaa takriban mara 2 ya unavyosinyaa kuelekea kiini, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Lazima mti uachie mahali fulani, ndiyo maana ufa hufuata nyuzi na kuelekea kiini. Mikaratusi imezidi kwa hili. Mninga hutulia zaidi. Mvua zikirudi utaona nyufa zinajibana, kisha jua likirudi zinafunguka tena.

Kwa hiyo tafadhali usizijaze saruji wala gundi ngumu. Mti ukivimba utakosa pa kwenda, ufa utapanuka. Paka mafuta ya mbao, hasa kwenye kichwa cha nguzo, maana pale palipokatwa ndipo maji huingia na kutoka haraka zaidi. Ukipata kipande cha bati, kifunike kichwa hicho.

Kinachonitia wasiwasi ni ufa unaopita kwenye bolti, au unaokata nyuzi kwa kukingama. Ukiuona huo, egemeza paa kwanza, kisha mwite fundi siku hiyohiyo.